Nimetangaza wimbo wa Marekani nikiwa Mtwara, sasa nataka kuufanyia kazi wa mjomba wangu. Nianzie wapi?

Binti wa Newala (mwanzisha mada)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za saa hizi.

Nina miaka 22, nasoma mambo ya biashara mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Mtwara mjini. Kwetu ni Newala, ila kwa ajili ya masomo nakaa kwa mama mdogo, Chikongola. Kuanzia Februari 26 hadi Mei 17 mwaka huu wa 2024 nilikuwa tarajali wa kampuni ndogo ya kutangaza muziki iliyoko Nashville, Marekani. Wako watu wanne tu. Sijapanda ndege, kazi yote nimeifanyia barazani kwa mama mdogo, kwenye meza ya plastiki, kwa kompyuta niliyoazima kwa binamu na bando la simu. Nafasi niliiona mtandaoni, nikajaza fomu, nikahojiwa kwa video, wiki iliyofuata wakaniandikia nianze.

Nitaandika kirefu, mnivumilie. Swali liko mwishoni, lakini bila kueleza nilichokifanya halitaeleweka.

Kitu cha kwanza kunitesa kilikuwa saa. Nashville walikuwa nyuma yetu kwa saa tisa, na kikao chao cha Jumatatu huanza saa tatu asubuhi, ambayo kwetu ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Wiki mbili za mwanzo nilikwenda nayo vizuri. Machi 10 wenzetu wakasogeza saa zao mbele, nami nilikuwa sijui kama kuna nchi zinafanya hivyo. Jumatatu nimetandika kitambaa mezani, nimefunga ushungi vizuri, nafungua kompyuta saa kumi na mbili kamili, kumbe kikao kimekwisha na watu wameshatawanyika. Nililia, nasema kweli. Nilidhani nimefukuzwa. Msimamizi wangu akaniandikia mistari miwili ya upole, akanielekeza namna ya kuweka saa ya Nashville kwenye simu kando ya saa yetu. Zinakaa pamoja kwenye kioo hadi leo, hata baada ya kazi kuisha sijaiondoa.

Wiki ile ile mfungo ukaingia, na kikao sasa kiko saa kumi na moja jioni, wakati ambao kila mkono unahitajika jikoni. Mama mdogo hakufurahi. Nikawa namenya mihogo na kukuna nazi saa tisa, nikimaliza ndiyo nakaa mezani, nanukia moshi, namshukuru Mungu kwamba video haina harufu.

Sasa kazi yenyewe. Wimbo niliopewa ni wa mama mmoja mpiga gitaa wa huko Tennessee, mtu mzima, hana jina kubwa. Nilitegemea siku ya kwanza nitaambiwa nitengeneze matangazo. Nikaambiwa niusikilize wimbo mara ishirini, kisha niandike ni sekunde ipi ningeitumia kumzuia mtu asiondoke. Basi, hiyo tu. Mara ya tano nikachoka. Mara ya kumi nikaanza kusikia vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi. Mara ya kumi na sita nikasikia kitu ambacho nikikumbuka nasisimka: sekunde ya 52, kabla ya kiitikio, yule mama anavuta pumzi. Unaisikia kabisa, kama mtu anayejiandaa kujitwika ndoo ya maji. Nikaandika 52. Msimamizi akasema yeye angechagua kiitikio chenyewe, lakini tujaribu vyote. Tukakata vipande viwili vya sekunde 15, kimoja kinaanzia kwenye kiitikio, kingine kinaanzia kwenye ile pumzi. Cha pumzi kilitazamwa hadi mwisho na watu wengi zaidi. Nilirukaruka barazani peke yangu, watoto wa jirani wakanishangaa.

Baada ya hapo zikaja barua. Kuna watu duniani wana orodha zao za nyimbo, mmoja anaweka nyimbo za kusikiliza wakati wa kuendesha gari usiku, mwingine za kupikia, na kazi yangu ilikuwa kuwatafuta na kuwaandikia mmoja mmoja. Nilituma barua 64. Barua 30 za mwanzo niliziandika kwa kunakili, nikibadilisha jina tu, na hakuna aliyejibu. Kwenye zilizobaki nikawa kwanza nasikiliza orodha ya mtu, halafu namwambia kwa nini wimbo huu ungekaa vizuri baada ya wimbo fulani aliouweka yeye. Tisa wakajibu, watatu wakauweka. Kwa mtu wa nje ni namba ndogo. Mimi najua kila mmoja wa wale watatu alisikiliza nini.

Nilijifunza pia kwamba Spotify, ule mtandao wa kusikilizia muziki, wanahesabu wimbo umesikilizwa pale tu mtu anapofikisha sekunde 30, na kwamba ukitaka wahariri wao wauangalie lazima uupeleke kabla haujatoka, angalau siku 7 kabla. Wimbo ukishatoka nafasi hiyo haipo tena. Nilipojua hili niliwaza wasanii wetu wangapi wanamaliza kurekodi Alhamisi na Ijumaa wimbo uko hewani.

Lakini kilichonibadilisha ni jedwali la taarifa za wimbo. Kila wimbo una jedwali lake: nani kaimba, nani kaandika maneno, nani kapiga nini, ulirekodiwa lini, na ile alama ya ISRC yenye herufi na tarakimu 12 ambayo ni kama kitambulisho cha wimbo. Nilikosea herufi moja katika jina la mtunzi wa pili. Herufi moja! Msimamizi akanirudishia jedwali zima na kuniambia kwamba yule ni mzee mstaafu, na kwamba fedha yake inapita katika jina hilo; jina likikosewa, fedha inakwenda njia nyingine au haiendi kokote. Nikakaa nimeinamisha kichwa. Tangu siku hiyo nalisoma jina kwa kidole, herufi kwa herufi, kama mtoto wa chekechea.

Wimbo ulitoka Ijumaa ya Mei 10. Mnakumbuka Mei hiyo ilivyokuwa huku kwetu. Wikiendi iliyotangulia kimbunga Hidaya kilipita, barabara ya Kusini ikakatika pale Somanga, mzigo wa mama mdogo wa mitumba ukakwama njiani. Tukadhani yamekwisha. Jumapili ya Mei 12 nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Hizo ndizo siku za kwanza za wimbo, siku ambazo natakiwa kumjibu kila anayeandika neno. Nilizunguka hadi ufukweni Shangani nikinyoosha simu juu, nikidhani ni mtandao wangu. Mwisho nikatuma ujumbe wa kawaida wa simu hadi Marekani, maneno machache: nyaya zimekatika nchi nzima, sijaacha kazi. Siku mbili baadaye intaneti ikarudi kwa kusuasua, nikakuta wenzangu wamegawana zamu yangu na hakuna aliyenilaumu.

Malipo: hayakuwepo, na niliambiwa tangu mwanzo. Waliahidi kurudisha gharama ya bando. Miezi miwili walituma, ya mwezi wa tatu hadi leo sijaiona na nimeandika mara mbili. Inaniuma, kwa sababu bando la mwezi ule nilikopa.

Sasa swali. Mei 18, siku moja tu baada ya kumaliza, nilikwenda stendi kumpokea mdogo wangu. Kuna kibanda pale kinachoingiza nyimbo kwenye kadi za simu, unatoa elfu moja kijana anakujazia. Spika yake ikawa inapiga wimbo nikasimama kama niliyepigwa na umeme. Ni mjomba wangu. Yeye na kikundi chake cha ngoma walirekodi nyimbo tatu Masasi mwaka 2021, kwa fedha za korosho, wakachanga. Wimbo ni wa Kimakonde, unaanza na ngoma ndogo peke yake, halafu mjomba anakohoa kidogo ndipo anaita. Hicho kikohozi nakijua tangu nalala mgongoni kwa mama. Nikamuuliza kijana, huyu ni nani? Akageuza kioo nikaona faili limeandikwa SINDIMBA MPYA 14. Akasema hajui, ni watu wa huko juu Newala, ila unanunuliwa sana, hasa msimu wa sherehe.

Unanunuliwa sana! Mjomba ana simu ya kitochi na hajawahi kupata hata shilingi mia. Mimi nimetumia miezi mitatu kuhakikisha mzee wa Tennessee jina lake halikosewi herufi, na mjomba aliyenilipia ada ya kidato cha tano anaitwa namba 14.

Naomba mnisaidie. Nianze na nini ili nyimbo zile ziwe na majina yao? Niziweke wapi? Wimbo ukiwa umetoka kwenye ngoma za wazee, mwenyewe ni nani? Na la mwisho, chuo kimekataa kuuhesabu utarajali huu kuwa mafunzo kwa vitendo kwa sababu daftari langu halina muhuri wa kampuni. Kampuni inasema haina muhuri na haijawahi kuwa nao.

---

Fundi Mitambo Lindi

Dada, pole na hongera. Mimi nina studio hapa Lindi mjini mwaka wa kumi na moja huu, chumba kimoja, ukutani nimebandika trei za mayai na magodoro. Nimerekodi ngoma, kaswida, singeli, kwaya. Nitakuambia ninayoyajua kwa mikono yangu.

Usikimbilie Spotify. Imeingia Tanzania mwaka 2021, ni nzuri, lakini tangu mwaka huu wa 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu pale. Wasikilizaji wa mjomba wako hawako huko. Wako YouTube, wako WhatsApp, wako kwenye kadi za simu. Na YouTube nayo usidhani unaweka leo unalipwa kesho: ili ugawane fedha ya matangazo ya video za kawaida, chaneli inatakiwa iwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Inawezekana, nimeona vikundi vimefika, ila ni mwendo.

Kabla ya yote hayo nenda Masasi. Yule aliyerekodi bado anazo faili mama, zile nzito za WAV, au ameshafuta? Kompyuta za studio zinakufa, dada. Mimi mwaka 2019 diski iliungua na kazi za watu arobaini na kitu, na hadi leo kuna mzee wa Mchinga nikikutana naye barabarani nashuka kwenye pikipiki kumsalimia kwa adabu, maana sauti ya marehemu mke wake ilikuwa humo na sikuwa na nakala. Nenda na diski yako, omba nakala ya faili zote, siyo MP3 peke yake.

Ukiwa pale muulize mwenye studio kwa upole: mlilipa fedha yote au kuna deni? Sheria yetu ya mwaka 1999 inaitwa ya Hakimiliki na Hakishiriki, na hilo neno la pili wengi wanaliruka. Mtunzi ana hakimiliki. Waimbaji, wapigaji na aliyetengeneza rekodi nao wana haki zao, hizo ndizo hakishiriki. Hamkuandikiana, najua hamkuandikiana, hakuna anayeandikiana huku. Basi andikianeni sasa. Karatasi moja: jina la wimbo, nani alitunga maneno, nani alipiga ngoma ipi, nani aliitikia, kila mtu fungu lake, sahihi au dole gumba, na mashahidi wawili. Ifanye kabla hela haijaonekana. Hela ikishaonekana kila mtu anakumbuka kwamba yeye ndiye aliyetunga.

Kulinda haki hakuhitaji usajili, kazi inalindwa tangu ilipotungwa. Lakini kajisajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, mkiwa na ile karatasi, mtu akija kubisha mna pa kusimamia.

Kuhusu kijana wa kibanda usimwendee kwa ugomvi. Nakwambia kwa dhati, wale ndio redio yetu.

---

Mama wa Naliendele

Mwanangu, nimekaa ofisi za watumishi miaka mingi na nimesaini madaftari ya wanafunzi hadi nimepoteza hesabu, kwa hiyo niruhusu nijibu la muhuri tu, hayo mengine wenye ujuzi wapo.

Chuo hakikuonei. Muhuri kwetu ndio ushahidi kwamba mahali pale papo. Nimewahi kuona daftari limegongwa muhuri wa duka la dawa na mwanafunzi hakuwahi kukanyaga pale. Lakini muhuri si kitu pekee kinachoweza kuthibitisha. Mwombe msimamizi wako wa Nashville aandike barua kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, ataje tarehe ulizoanza na kumaliza, kazi ulizofanya na saa kwa wiki, na aitume yeye mwenyewe kwa baruapepe ya kampuni kwenda kwa mratibu wa mafunzo wa chuo. Isipite kwako hata kidogo. Fomu ya tathmini ya chuo nayo mtumie aijaze, uiweke kwanza kwa Kiingereza kama haiko hivyo. Ambatanisha ratiba ya vikao. Halafu nenda kwa mkuu wa idara ana kwa ana, umevaa vizuri, umwombe kikao cha dakika kumi umweleze kama ulivyotueleza sisi. Ile habari ya herufi moja kwenye jina la mzee, mweleze hiyo. Mimi ningekusikiliza.

Wakikataa pia, nenda fildi ya Julai mahali penye muhuri na huku usifute ulichokipata. Kiandike kwenye wasifu wako.

Na hiyo fedha ya bando, waandikie mara ya tatu. Weka risiti. Usione haya kudai haki yako eti kwa sababu walikuwa wapole.

---

Babu Kitangari

Mjukuu wangu, marahaba. Naandikiwa na mwanangu hapa, mimi nasema yeye anabonyeza.

Umeuliza wimbo uliotoka kwenye ngoma za wazee mwenyewe ni nani. Hilo ndilo swali, na wote waliokujibu wamelipita pembeni.

Zipo nyimbo na zipo nyimbo. Sindimba inachezwa uwanjani, watu wote wanaona, wakubwa kwa wadogo, hata baada ya Uhuru ilipandishwa majukwaani na taifa zima likaiona. Hiyo haina mlango. Mwimbaji akitia maneno yake kuhusu korosho, kuhusu mkwe mkorofi, kuhusu maji ya kununua kwa ndoo, maneno hayo ni yake, na mwite kwa jina lake. Lakini zipo nyimbo za likumbini, kambini kwa jando, wanazofundishwa vijana wanaoingia humo, na zipo za kinamama za unyago. Hizo zina mlango. Hazipigwi kwa mtoto asiyeingia, sembuse kwa mtu wa Marekani. Mjomba wako anajua ni zipi. Katika hizo tatu muulize moja moja. Akikuambia huu una mstari wa ndani, usiuweke popote, hata kama ndio mtamu kuliko yote, hata kama kijana wa stendi ameshaupiga.

Na usimwendee kama mtaalamu. Wewe ni mtoto wa dada yake. Kwetu mjomba ndiye mzazi wa upande wa damu, ndiye anayeulizwa. Nenda na sukari, kaa chini, mwache akuulize Mtwara kukoje, habari ya simu na majedwali ije baada ya chakula. Yeye naye atawaita wenzake wa kikundi. Wapo wangapi? Kuna mmoja alishafariki tangu 2021? Kama yupo, watoto wake waitwe.

---

Dereva Bajaji Magomeni

Huo wimbo unaoanza na ngoma ndogo halafu mtu anakohoa??? Ninao! Naupiga kila siku abiria akipanda akiwa amenuna. Kwangu umeandikwa Track 3. Kuna mama mmoja muuguzi wa Ligula huwa ananiambia usiuzime tukifika, ngoja uishe ndio nishuke. Niambieni huyo mzee anaitwa nani nibadilishe.

---

Binti wa Newala

Nimesoma majibu yenu usiku kucha. Ahsanteni. Babu, shikamoo tena. Sikuwa nimewaza kabisa habari ya mlango, na nimeona aibu, kwa sababu nilikuwa nimeshaandika rasimu ya jedwali la nyimbo zote tatu kabla sijamuuliza mtu.

Nilikwenda Newala Jumamosi na sukari kilo mbili. Mjomba alinicheka kwanza, akaniuliza huyo mama wa Marekani ana watoto wangapi, nikawa sijui. Akashangaa namna gani miezi mitatu unamfanyia mtu kazi hujui watoto wake. Baada ya chakula nikamweleza. Nilipomwambia wimbo wake unanunuliwa stendi alinyamaza muda mrefu, akawa anapangusa mkono kwenye goti. Halafu akauliza, "Sauti inatoka vizuri?"

Sikujua la kusema. Nikamwambia inatoka vizuri sana, na kwamba kuna muuguzi hashuki kwenye bajaji mpaka uishe. Hapo ndipo akamtuma mtoto akawaite wenzake.

Walikuja sita. Wa saba, aliyepiga ile ngoma ndogo ya mwanzo, alifariki mwaka jana. Amekuja binti yake. Wimbo mmoja kati ya zile tatu wamesema hapana, una mstari wa ndani, na niliufuta kwenye simu yangu mbele yao. Wa pili wamebishana nani alitunga ubeti wa mwisho na bado hawajakubaliana, nimeacha nafasi wazi kwenye karatasi. Huu wa stendi hauna ubishi: maneno ya mjomba, ngoma za wote. Tumeandika majina kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, kila mtu ametamka jina lake lote nami nikamsomea herufi moja moja arudie. Wawili wameweka dole gumba. Yule binti alipofika zamu ya baba yake aliniambia niandike na jina la utani, kwa sababu kule juu hakuna anayemjua kwa lile la cheti. Nimeandika yote mawili.

Masasi nimepiga simu. Faili mama zipo, mwenye studio anadai elfu thelathini zilizobaki. Mjomba anasema deni ni la kweli, atalipa korosho zikiuzwa, lakini mwenye studio amekubali nipeleke diski wiki ijayo.

Fundi, nimepita pia pale kibandani. Sikugombana. Nilimwambia kijana huyo ni mjomba wangu, nikamwomba abadilishe jina la faili. Akaniambia nitamke. Akaandika kwa kidole kimoja, taratibu, kwanza jina la mjomba, halafu la kikundi, akakosea herufi ya tatu, nikamwambia, akafuta, akaandika upya.

Dereva, nitumie ujumbe wa faragha nikupe jina. Mama, barua nimeiomba leo, kwao bado ni asubuhi.